Paka Anayekojoa Ndani ya Nyumba: Sababu Zake na Namna ya Kumkomesha

Nyumba nyingi za pwani hazikosi paka. Awe wa kupewa, wa kuokotwa kichochoroni au aliyejileta mwenyewe akauzoea mlango, huhesabiwa mmoja wa watu wa nyumbani. Hulala mkekani, na kichwa chake cha samaki huwekwa kando kabla watoto hawajaketi kula. Mapenzi hayo huvunjika kwa jambo moja. Siku atakapokojoa juu ya msala au kwenye godoro la wageni, kesi yake huwa imekwisha amuliwa: atiwe guniani, apelekwe soko la samaki, akajitafutie huko.

Makala haya ni ya yule ambaye bado hajafika kwenye gunia.

La kwanza la kufahamu ni kwamba paka hakojoi ndani kwa kiburi wala kwa kulipiza kisasi, ijapokuwa twapenda kusema hivyo tukiwa na hasira. Paka aliyezoea mchanga, kisha akauacha, ana sababu, na karibu kila mara ni moja kati ya tatu. Ama anaumwa, ama hakipendi choo chake, ama anaweka alama ya mipaka kwa sababu ya paka wengine. Dawa ya moja haitibu nyingine. Ndiyo maana mtu huweza kumaliza chupa nzima za dawa za kunukia na kufanya kila alichoambiwa na jirani, na busati likazidi kunuka.

Asili ya paka wa nyumbani ni paka-mwitu wa Afrika na Mashariki ya Kati, mnyama wa nchi kavu zenye maji haba. Mawili amerithi kutoka huko. Figo zake hubana maji sana, hivyo mkojo wake ni mchache lakini mkali, na kidimbwi chake kidogo hunuka kuliko nepi nzima ya mtoto. Kisha, hupenda kufukua mchanga laini, akajisaidia, akafukia. Hili hafundishwi na mtu. Mtoto wa paka wa mwezi mmoja ukimweka penye mchanga safi, atakuna mwenyewe. Kwa hivyo paka anayekojoa kwenye zulia hajasahau adabu. Yuko kitu kimemzuia kufanya lile analolipenda.

Kuchuchumaa na kurusha

Kabla ya kutafuta dawa, tazama mkojo wenyewe umekaaje. Paka anayejisaidia huchuchumaa, akaacha kidimbwi sakafuni, kitandani, kwenye busati au juu ya rundo la nguo chafu. Paka anayeweka alama husimama, akaupa ukuta mgongo, akainua mkia wima huku ncha yake ikitetemeka, kisha akarusha mkojo kidogo nyuma yake. Huo utaukuta kwenye pazia, mguu wa kochi au fremu ya mlango, kiasi cha shibiri moja au zaidi kutoka chini, ukiwa umechirizika. Yule wa kwanza ana shida na choo au na mwili wake. Wa pili ana ujumbe anaowaachia paka wenzake.

Pengine harufu waisikia lakini mahali hupaoni. Tafuta tochi ya mwanga wa zambarau, ile wanayotumia wenye maduka na maajenti wa M-Pesa kukagulia noti bandia. Usiku zima taa, uipitishe chini chini pembeni mwa kuta na nyuma ya viti. Mkojo wa paka, hata uliokauka, hung'aa kwa rangi ya manjano iliyochanganyika na kijani. Sabuni za kufulia nazo hung'aa, kwa hivyo usiamue kwa jicho peke yake, inama unuse. Na kama wafuga paka zaidi ya mmoja, usimhukumu yule uliyemkuta karibu na doa. Mara nyingi amekwenda kunusa tu.

Maradhi kwanza

Hapa nitakawia kidogo, kwa kuwa ndipo paka wanapofia.

Mrija wa mkojo wa paka dume ni mwembamba sana. Chembe ndogo kama chenga za mchanga, zinazojijenga ndani ya kibofu, huweza kuuziba kabisa. Utamwona aingia kwenye beseni lake, atoka, aingia tena, achuchumaa muda mrefu, ajikamua, alia, ajilamba huko chini, na hakitoki kitu, au yatoka matone mawili yenye damu. Wengine hujikamua popote, kwenye sinki au juu ya vigae vya bafuni. Watu wa nyumba hudhani amefunga choo, wakampa kijiko cha mafuta ya nazi na kungojea asubuhi. Hili si la kungojea asubuhi. Mkojo ukizibika, uchafu unaotakiwa utoke hurudi katika damu, potasiamu hupanda mpaka moyo ukashindwa, na paka huweza kufa ndani ya siku moja hadi tatu. Mpeleke kwa daktari wa wanyama saa hiyo hiyo. Ukigusa tumbo lake la chini ukakuta kitu kigumu kama ndimu kubwa, na huku analia ukimgusa, usikibonyeze. Beba paka utoke.

Na chonde, usimpe Panadol. Ini la paka haliwezi kuivunja dawa hiyo kama la binadamu, na kidonge kimoja cha mtu mzima chatosha kumuua. Najua hutolewa kwa nia njema. Nia njema haimsaidii paka hapa.

Paka jike hazibiki kwa urahisi hivyo, lakini kibofu chake huvimba vilevile, na akikojoa huumia. Paka hajui kwamba maumivu yatoka ndani ya mwili wake. Yeye huona kila akiingia kwenye beseni huumia, basi beseni ndilo lenye makosa, akaenda kutafuta pahali laini na baridi. Hapo ndipo utakapomkuta kwenye kitanda chako. Uvimbe huu wa kibofu mara nyingi hauletwi na vijidudu, huletwa na mashaka, yaani paka mwenye wasiwasi hupatwa nao, ukapoa, ukarudi. Kumpa dawa za kuua vijidudu zilizobakia za mtoto hakufai, pamoja na kwamba hujui kipimo.

Akiwa mzee, tazama anakunywa maji kiasi gani. Paka aliyekuwa hagusi maji kisha akaanza kunywa mno, na kukojoa vidimbwi vikubwa, huenda figo zimechoka au ana kisukari. Paka nao wana kisukari. Wengine wana maumivu ya viungo tu, na hili hasa ni la nyumba za ghorofa za Mji wa Kale, zenye ngazi za wima. Paka wa miaka 12 analala juu, choo chake kiko chini uani. Usiku haja imemshika, magoti yanamuuma. Hatashuka.

Chakula chetu pia kina neno hapa. Paka wengi wa pwani hulishwa vikavu: dagaa, mabaki ya papa ng'onda, vichwa vya samaki wa chumvi. Paka kwa asili si mnywaji. Hutegemea maji yaliyomo ndani ya chakula chake. Mlishe kikavu kila siku, na mkojo wake huzidi kuwa mzito, na mkojo mzito ndio unaojenga chembe zile. Afadhali samaki mbichi umchemshe bila chumvi, bila kitunguu maji wala thomu, maana hivyo viwili ni sumu kwake, umtoe miba, umpe pamoja na mchuzi wake. Hata biskuti za paka za dukani zaweza kulowekwa. Maji yake yaweke pahali pawili au patatu, mbali na chakula, kwenye bakuli pana. La udongo ni zuri zaidi kwa kuwa maji hukaa baridi wakati wa kaskazi.

Kwa daktari, ofisi ya mifugo ya kaunti huweza kukuelekeza aliye karibu nawe. Uliza kama amesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya, maana wako wanaozunguka na sindano mitaani ambao walichojifunza ni kuchanja mbuzi.

Choo chake

Ikiwa paka ni mzima na anachuchumaa, tazama choo. Wenye kufuga paka kwa ujuzi wana hesabu yao: beseni moja kwa kila paka, na moja zaidi. Paka wawili, mabeseni matatu, na yasipangwe yote pamoja kona moja, kwa kuwa paka mbabe akikaa penye njia, mwenzake hukosa yote matatu kwa mpigo. Nyumba ya ghorofa yataka beseni kila ghorofa.

Visanduku vinavyouzwa madukani vingi ni vidogo. Urefu wa choo uwe mara moja na nusu ya urefu wa paka bila ya mkia, ili aweze kugeuka. Beseni la plastiki la kufulia, pana na lisilo refu, lafaa na ni rahisi. Kwa mtoto wa paka au mzee mwenye magoti, likate upande mmoja ashuke chini kwa kuingilia. Vile vyenye kifuniko kama kibanda huwapendeza watu, si paka. Harufu hufungika humo ndani.

Mchanga wa ujenzi uliochekechwa vizuri, kina cha vidole viwili au vitatu, hautaki gharama. Mchanga wa ufuoni una chumvi, hunyonya unyevu na haukauki upesi. Ukiwa ndio ulio nao, uoshe kwa maji matamu uuanike kwanza. Maranda ya seremala hufaa kwa paka waliyoyazoea tangu udogoni, lakini huruka nyumba nzima. Jivu la jikoni liache kabisa. Likilowa hutoa maji makali yachomayo nyayo, na paka aliyechomwa mara moja hatarudi. Ukitaka kubadilisha aina ya mchanga, changanya kidogo kidogo kwa muda wa wiki moja au mbili, usimshtukize.

Toa uchafu asubuhi na jioni, badilisha mchanga wote kila wiki. Ninaposema asubuhi na jioni nakusudia hivyo hasa. Sisi wenyewe hatuingii choo ambacho hakijamwagwa maji, vipi yeye ambaye pua yake ni kali kuliko yetu mara nyingi sana? Beseni lioshwe kwa sabuni ya kawaida na maji ya moto, si kwa Dettol wala dawa zile zinazogeuka maziwa zikitiwa maji. Hizo zina kemikali za jamii ya finoli ambazo hudhuru paka, tena humwachia harufu inayomkimbiza. Mama mja mzito asiishike kazi hii kabisa, kwa sababu ya vijidudu vya toksoplasma vinavyotoka katika kinyesi cha paka na vyaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Vijidudu hivyo huchukua siku moja hadi tano kabla ya kuwa na uwezo wa kuambukiza, kwa hivyo kusafisha kila siku ni kinga ya nyumba nzima.

Pahali pa kuweka nako kuna mambo. Si kando ya chakula chake, kwani hakuna kiumbe kisafi kinachojisaidia kinapolia. Si karibu na mashine ya kufulia ambayo huanza kunguruma ghafla. Si ujia ambao watoto hupita mbio. Mpe kona tulivu anayoweza kuona mlango kutoka hapo.

Na tuangalie nyumba yenyewe imebadilikaje. Paka ni mtu wa desturi. Harusi ya siku tatu, wageni wa Idi, mtoto mchanga, mafundi wa rangi, kuhama mtaa, yote humvuruga. Mwezi wa Ramadhani nyumba huamka saa tisa usiku kwa daku, chakula hubadilisha saa, mchana kimya, usiku shamrashamra, na yeye hakuelezwa na mtu. Mpangie saa zake za kula zisizobadilika, na chumba kimoja asichoingiliwa. Akikojoa juu ya kitanda cha bwana aliyesafiri, si kwamba amemkasirikia. Huenda achanganya harufu yake na ile anayoikosa ili atulie.

Dume, shume na mlango wa nje

Sasa yule anayerusha. Huyu mara nyingi ni dume asiyehasiwa, ingawa jike anayetafuta dume hurusha pia. Harufu ya dume huwa kali zaidi kwa sababu ya kemikali yenye salfa iitwayo felinini, ambayo huongezeka kwa homoni za kiume. Kumhasi hukomesha au hupunguza sana tabia hii kwa takriban madume 9 kati ya 10. Afadhali afanyiwe akiwa na miezi 5 au 6, kabla mazoea hayajakomaa, kwa kuwa dume wa miaka mitano aliyekwisha zoea huweza kuendelea kwa mazoea tu. Kwa dume ni upasuaji wa dakika chache akiwa amelazwa usingizi. Kwa jike hufunguliwa tumbo, ni kazi kubwa zaidi, lakini ni ya kawaida kwa daktari.

Hapa yuko atakayeuliza juu ya sheria, na ana haki. Katika vitabu vya madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu pwani twayafuata, kumhasi mnyama asiyeliwa kumekatazwa. Wako wanazuoni wa zama zetu walioruhusu kwa paka pale penye haja, ikiwa kuzaliana kwao kumeleta madhara na upasuaji haumtesi mnyama. Muulize shekhe unayemwamini, na umweleze hali yako yote, pamoja na hao watoto wa paka wanaotupwa jaani kila msimu. Maoni yangu ni kwamba aliyeshikamana na katazo hana lawama, lakini naye asimlaumu dume wake kwa kuwa dume. Amjengee mahali uani, amfungie vyumba vya kulala, na ashughulike na haya yafuatayo, ambayo yamhusu kila mtu.

Paka wa ndani hurusha kwa sababu ya paka wa nje. Shume hupita usiku, akarusha kwenye mlango wako, akaenda zake. Wako wa ndani huisikia harufu chini ya mlango, naye hujibu, upande wa ndani. Ndiyo maana madoa mengi huwa karibu na milango na madirisha. Basi safisha mlango wa nje pia, na kizingiti, na baraza. Ziba mwanya wa chini. Dirisha la chini liwekee pazia nusu, asimwone shume akipita. Kisha tazama wapi mapashumbe na matumbo ya samaki humwagwa mtaani kwenu. Desturi ya kuwapara samaki mlangoni na kuwaachia paka matumbo hapo hapo huwakusanya mashume wa mitaa mitatu kwenye kizingiti chako. Kuwalisha ni thawabu. Walishie mwisho wa kichochoro au kwenye kiwanja, si mlangoni, na si kwenye mlango wa jirani.

Kusafisha: tohara ni moja, harufu ni nyingine

Kwetu jambo hili si la pua peke yake. Paka mwenyewe si najisi, na maji aliyoyanywa yafaa kutawadhia; hilo lathibiti katika hadithi iliyopokewa na Abu Qatada. Mkojo wake lakini ni najisi kama mkojo mwingine, na msala uliokojolewa hauswaliwi mpaka utwahirishwe. Katika madhehebu ya Shafi huondolewa kwanza najisi yenyewe, kisha hupitishwa maji juu yake. Nguo isitumbukizwe kwenye beseni la maji machache yasiyofika kulateni, kwani maji hayo hunajisika nayo; mimina maji kutoka juu yakapite. Na jua peke yake halitwahirishi, japokuwa wengi huanika godoro wakadhani yamekwisha.

Sasa sikiliza penye mtego. Pahali paweza kuwa tohara kwa mwenye kuswali na pakabaki choo kwa paka. Umemimina maji, umekauka, wewe husikii kitu. Yeye yuasikia. Chembe za mkojo zilizobakia ndani ya nyuzi humwambia kwamba hapa ndipo, na kesho atarudi. Watu wengi hushindwa hapa, wakasema paka ana kichwa kigumu. Udi na ubani havisaidii neno. Hufunika harufu kwetu sisi, si kwake, na wiki ya unyevu ikifika harufu huamka upya.

Kinachohitajika ni kitu cha kuzivunja chembe zile. Viko visafishio maalumu vyenye vimeng'enya, yaani enzaimu, vinavyouzwa kwenye maduka ya vifaa vya wanyama. Ukivikosa, sabuni ya unga ya kufulia yenye enzaimu hufanya kazi, soma pakiti. Mkojo ukiwa mbichi, weka kitambaa kikavu, ukikanyage kinyonye, usisugue. Changanya sabuni hiyo sehemu moja kwa maji sehemu tisa, maji ya vuguvugu, si ya moto, kwani moto huua enzaimu na hushikisha harufu. Jaribu kwanza pembeni kama rangi haitoki. Mimina mpaka ifike ulikofika mkojo, na kwenye godoro la sponji huko ni mbali kuliko unavyofikiri. Iache kwa saa kadhaa. Kisha mimina maji safi kutoka juu, kandamiza kwa taulo, mimina tena, anika. Kwa mfuatano huo wapata yote mawili, tohara yako na pua ya paka. Kwenye vigae au mbao iliyopigwa vanishi, ukimaliza na pakakauka, pitisha kitambaa chenye spiriti.

Siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu husaidia kwa nguo na vigae. Usiitie kwenye kuta za chokaa za nyumba za zamani wala sakafu ya marumaru, kwa kuwa siki huila chokaa, na plasta itaanza kumomonyoka. Kuta hizo ni taabu kweli, maana hunywa mkojo kama sifongo. Zioshe kwa maji ya enzaimu mara mbili tatu, ziache zikauke kabisa, kisha uzipake chokaa upya. Siku ya kwanza harufu yaweza kuzidi, chokaa mbichi huifukuza amonia itoke, fungua madirisha.

Jik usiimwage juu ya mkojo. Ikikutana na amonia hutoa hewa inayokaba kifua, na ikichanganywa na siki hutoa hewa mbaya zaidi. Sabuni zenye amonia ndani yake nazo zamwambia paka kwamba mwenzake amekojoa hapa. Vidonge vyeupe vya kuzuia nondo kabatini, na mafuta ya karafuu, ambavyo watu hunyunyiza pembeni ili kumkimbiza, ni sumu kwake. Maganda ya machungwa hayamdhuru akiyanusa. Hayapendi, lakini yakikauka huyazoea.

Kumzoesha upya

Kumshika kichwa ukamsugua pua kwenye mkojo hakumfundishi kitu. Paka haunganishi adhabu na jambo alilolifanya saa moja iliyopita. Anachojifunza ni kukuogopa wewe, na paka mwenye woga hukojoa zaidi, tena nyuma ya kabati ambako hutapaona. Ukimfuma akiwa kwenye tendo, piga makofi mara moja, umchukue taratibu umweke kwenye beseni, basi.

Anayefanya kila pahali mpe chumba kimoja, stoo safi au chumba kitupu chenye hewa, awe na beseni, maji, chakula na kitambaa cha kulalia, kwa muda wa wiki moja au mbili. Mtembelee, cheza naye, isiwe jela. Akishika beseni bila kukosea, mfungulie chumba cha pili, kisha cha tatu. Hii huchukua subira, na wengi hufungua nyumba nzima siku ya tatu wakaanza upya.

Pahali alipopazoea, ukishapasafisha, pageuze matumizi. Weka bakuli lake la chakula hapo, au kitambaa anacholalia. Pasipowezekana, tandika karatasi ya nailoni au ile karatasi ya fedha ya kufungia chakula, kwani haipendi chini ya miguu. Kwa yule anayerusha, chukua kitambaa laini cha pamba, kipapase mashavuni mwake, kisha ukipake kwenye fremu na kona alizokuwa akirushia. Harufu ya shavu kwake ni ya amani, na mara nyingi hapo huja akajisugua badala ya kurusha. Wako madaktari walio na dawa ya kuchomeka kwenye stima inayoiga harufu hiyo. Husaidia baadhi ya paka, na si rahisi kwa bei.

Ukifanya haya mwezi mzima na bado hakuna nafuu, rudi kwa daktari, lakini usiende mikono mitupu. Andika kwenye daftari au simu: siku gani, saa ngapi, wapi, kiasi gani, kuchuchumaa au kurusha, na nini kilitokea nyumbani siku hiyo. Peleka sampuli ya mkojo ukiweza. Weka ndani ya beseni lililooshwa kokoto ndogo safi zisizonyonya maji badala ya mchanga, akishakojoa uuchote kwa sirinji isiyo na sindano utie kwenye chupa safi, na ufike kliniki ndani ya saa chache. Na mpige video kwa simu akiwa ndani ya beseni. Daktari ataona mengi katika nusu dakika ile kuliko katika maelezo ya watu wanne wa nyumba moja, kila mmoja na lake.